Wakopaji Watulivu wa Benki ya Lala Salama

Nchi yetu ina jina, lakini kwa sasa jina hilo liko kwenye marekebisho, na raia tumeombwa tusilitumie mpaka tutangaziwe jipya. Kwa hiyo nitasema nchi yetu tu. Haya ninayoyasimulia yalitokea katika mji wenye soko moja, hospitali moja na makaburi mawili, na mkono wangu ulikuwamo.

Mimi naitwa Habili Sengo. Nilikuwa karani wa Benki ya Lala Salama tangu siku ilipofunguliwa hadi siku ilipofungwa, na hata wiki kadhaa baada ya kufungwa, kama nitakavyoeleza. Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Mwalimu wangu wa darasa la saba aliwahi kusema kwamba nikiandika uongo utasomeka vizuri kuliko ukweli wa wenzangu, na mimi nilidhani ananisifu.

Mwenye benki alikuwa Bwana Kornelio Mbasha. Kabla ya hapo aliuza magodoro kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa akikuuzia godoro jipya na kulichukua la zamani kwa kukupunguzia bei, na ndani ya hayo ya zamani ndimo alimojifunza uchumi.

"Sengo," aliniambia siku aliyoniajiri, "watu wa nchi hii hawana benki, wana mishono. Ukiona godoro limeshonwa mara mbili pembeni, ujue hapo pana mtu anaogopa."

Alitaka watu hao waache kuogopa. Ndiyo maana akaiita benki yake Lala Salama, na juu ya mlango akaandikisha kwa rangi ya dhahabu: FEDHA YAKO NAYO IPUMZIKE. Siku ya kwanza wazee wawili waliingia wakidhani ni duka la majeneza. Tuliwaelewesha kwa upole, na mmoja wao akafungua akaunti.

Benki ilizinduliwa na Mheshimiwa Waziri wa Hazina na Matumaini. Alihutubia kwa saa moja na nusu. "Benki ni nini?" aliuliza. "Benki ni mahali ambapo fedha huingia. Wapo wanaouliza, je, hutoka? Hao ni watu wasioitakia mema nchi yetu." Tulipiga makofi. Akakata utepe, akatia mkasi mfukoni, akaingia ndani kuchukua mkopo wake wa kwanza.

*

Mwaka wa kwanza ulikuwa mwema. Watu walileta fedha ndani ya soksi, ndani ya mikebe ya maziwa, ndani ya mito ya watoto. Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa Bi Zamoyoni, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye baraza mkabala na hospitali. Alikuja kila Jumamosi saa nne asubuhi, na fedha zake zilikuwa zimefungwa kwenye vipande vya kitambaa vilivyobaki, wiki hii buluu, wiki ijayo kijani. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkimya, mwenye macho ya kutazama mshono wa shati lako kabla ya uso wako.

Siku moja, wakati namwandikia risiti, nilimuuliza kama ana watoto. "Nilikuwa na mmoja," akasema. Sikuuliza zaidi. Foleni ilikuwa ndefu.

Mwaka wa pili Waheshimiwa waligundua benki yetu. Walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakakopa. Walikopa kwa ajili ya kilimo, na kilimo hicho kikaota maghorofa. Mambo yakawa makubwa mpaka Hazina ikatoa waraka kwamba hakuna Mheshimiwa atakayekopa zaidi ya mara moja. Waraka ulitoka asubuhi, na adhuhuri Mheshimiwa Waziri alikuwa ofisini kwa Bwana Mbasha, amejaa huzuni.

"Waraka huu ni mkali mno," alisema. "Sijui nani ameuandika."

Ulikuwa na saini yake. Lakini huyu alikuwa mtu wa kutia saini karatasi mia kwa siku, na haikuwa haki kumtaka azisome pia.

Wakajaribu kukopa kwa jina la dereva wake. Dereva aliposikia kwamba kwenye karatasi ana milioni mia mbili, alianza kutembea kwa madaha, akaagiza suti, akaja kuuliza sehemu yake. Hapo Bwana Mbasha akatafakari, kisha akaniita.

"Mtu aliye hai," alisema, "ana kasoro moja, Sengo. Husikia jina lake."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Lilikuwa daftari la mazishi la halmashauri ya mji. Sijui lilivyotoka huko. Nililiangalia, naye akaniangalia, na kiyoyozi kikaendelea kupuliza.

"Nakili majina kwenye fomu za mkopo. Watu wazima tu. Watoto waruke, benki hii ina maadili."

"Na dole gumba, Bwana? Kila fomu inataka dole gumba la mkopaji."

"Tumia lako."

"Langu ni moja."

"Na wino ni mmoja. Sioni tatizo."

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki tatu. Ningependa kusema kwamba nilikataa, au kwamba niliumwa, lakini nilikuja kila asubuhi nikiwa nimechana nywele. Jina, umri, sababu. Homa. Uzazi. Ajali. Haijulikani. Nilijaza mia tatu na kumi na wawili, na kila mmoja nilimwekea dole langu la kulia. Siku mbili za kwanza niliandika kimya. Siku ya tatu nilishindwa. Ukiandika majina ya watu wengi kiasi hicho katika chumba kisicho na sauti, kalamu inaanza kuwa na kelele. Nikawa nayasoma kwa kunong'ona, jina moja moja, kama mtu anayewaomba radhi wakati anawapita njiani.

Wino ulitoka mikononi baada ya mwezi. Harufu yake haikutoka. Niliinusa kwenye ugali, kwenye mto, kwenye viganja vya watu walionipa mkono.

Mwisho wa mwaka Hazina ilitupa ngao ya fedha kwa kuwa benki yenye wakopaji watulivu kuliko wote nchini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kulalamika.

*

Kilichotuangusha ni maendeleo. Bwana Mbasha aliagiza kutoka ng'ambo mtambo wa kuita wateja. Ulikuwa na sauti ya mwanamke, laini, kama ya muuguzi anayekuja kukuambia jambo. Fundi aliyeufunga alichukua orodha zetu zote za wateja, wenye amana na wenye mikopo, akazitia ndani, akalipwa, akaenda zake.

Kwa siku kumi uliita waliokuwamo ukumbini. Siku ya kumi na moja, Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa, ulianza kuita wengine.

"Mteja Anzuruni Kapela, dirisha la tatu."

Dirisha la tatu lilikuwa langu. Hakuna aliyesimama.

"Mteja Perpetua Luhende, dirisha la tatu."

Kwenye benchi la mbele aliketi mzee mmoja fundi viatu, Mzee Luhende, aliyekuja kutoa fedha za mabati. Aliinua kichwa. "Perpetua ni mke wangu," alimwambia jirani yake, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Tulimzika mwaka ule wa njaa."

Mtambo ulimpa Perpetua nafasi ya kufika, kama ulivyotengenezwa kumpa kila mteja. Kisha ukaita mwingine. Na mwingine. Katika mji wetu hakuna nyumba isiyo na mtu katika makaburi yale mawili. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyekimbia. Kila aliyesikia jina la mtu wake aliinuka taratibu, akaja kusimama mbele ya dirisha la tatu, akanitazama.

"Mteja Shaweji Mrisho, dirisha la tatu."

Bi Zamoyoni alikuwa wa nne kwenye foleni ya dirisha la kwanza. Alitoka kwenye foleni hiyo, na watu wakampisha.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ameitwa mwanangu."

"Mtambo una hitilafu, mama."

"Mtambo haumjui mwanangu. Umeambiwa na nani?"

Nikazipanga upya karatasi zangu.

"Basi naomba nione alichosaini," akasema.

Ningeweza kukataa. Lakini mkono wangu uliinuka wenyewe, ukaenda kwenye kabati, ukaitoa fomu. Shaweji Mrisho, fundi umeme, miaka ishirini na sita. Mkopo wa kununua meli ya kuvulia samaki. Mji wetu uko mwendo wa siku mbili kutoka baharini. Bi Zamoyoni aliisoma polepole, akafika chini palipo na alama ya dole, akaiwekea kidole chake juu, akakiacha hapo.

"Hili ni dole lake?"

"Fomu inasema hivyo, mama."

"La kulia?"

"Ndilo linalotumika."

Akaitikia kwa kichwa. Akanirudishia ile karatasi kwa mikono miwili, akatoka. Fedha zake zilizofungwa kwenye kitambaa cha kijani hakuziweka siku hiyo.

*

Jumatatu foleni ilizunguka soko. Bwana Mbasha alitoka nje, akaamuru watu wapewe chai, akawaambia fedha zao zimelala na wasiziamshe kwa kelele. Jumanne alisafiri kwenda kutibiwa magoti. Jumatano lango liliwekwa mnyororo. Alhamisi Mheshimiwa Waziri alitangaza redioni kwamba hakuna benki iliyofilisika nchini, ila ipo moja ambayo imesinzia, na kumsumbua aliyesinzia si utamaduni wetu.

Mimi nilipata barua ya Hazina. Iliniagiza nibaki ukumbini saa za kazi, niingie kwa mlango wa nyuma, nipokee malalamiko na kuyajibu yote kwa maneno haya: suala lenu linashughulikiwa. Umeme wa jengo ulikatwa. Mtambo haukuzimika. Ulikuwa na betri yake, na aliyejua pa kuuzimia alikuwa ameshaenda zake. Uliendelea kuita ndani ya ukumbi mtupu, majina mia tatu na kumi na mawili, kuanzia asubuhi hadi karibu na adhuhuri, halafu ukaanza upya.

Wiki ya kwanza walikuja wengi. Wiki ya pili walikuja wachache. Kisha wakawa hawaji, ila Bi Zamoyoni. Yeye alikuja kila siku na kikapu cha sare za kushona kwa mkono, akaketi benchi la mbele. Jina la mwanawe lilipoitwa, aliinua sindano, akangoja. Mtambo ulipotaja jina lililofuata, alirudi kwenye mshono.

"Mama, suala lenu linashughulikiwa," nilimwambia siku ya kwanza.

"Sikuulizi fedha, baba."

Kisha akaanza kuniuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Siku aliyokuja mwanangu, aliketi wapi?"

"Sikumbuki, mama. Wateja ni wengi."

Kesho yake: "Alikuja peke yake?"

"Sikumbuki."

Kesho kutwa: "Alikuwa amevaa nini?"

Siku hiyo nilikuwa nimechoka kusema sikumbuki. "Shati jeupe," nikasema.

"Jeupe," akarudia, na akainama kushona. Nilirudi chumbani kwangu nikashindwa kula. Kuna uongo unaoandika na uongo unaomwambia mtu, na mimi nilikuwa nimeishi kwa mwandiko muda mrefu nikidhani ni mamoja. Tangu hapo, kila mtambo ulipotaja jina hilo, nilimwona kijana wa shati jeupe akiingia kwa mlango uliofungwa mnyororo. Hakuwa na uso. Sikuwahi kumwona uso.

*

Serikali nayo haikukaa kimya. Iliundwa Tume, chini ya Jaji mstaafu Malogo, mtu mwenye sauti nzito na kumbukumbu nyepesi. Tume ilikabiliwa na swali gumu. Kama wakopaji wamekufa, fedha anazo nani? Swali hilo halikuwa na wizara. Baada ya wiki mbili za posho, ukatoka Waraka Namba Tisa: kwa kuwa sheria haimruhusu marehemu kukopa, kila mwenye mkopo ni hai.

Halmashauri iliutekeleza mara moja. Vijana wake walikwenda makaburini na orodha, wakang'oa vibao vya wote mia tatu na kumi na wawili, ili pasiwe na maandishi yanayopingana na kumbukumbu za serikali. Familia zao zililetewa Hati ya Uhai, yenye muhuri mwekundu.

"Wameng'oa kibao cha mwanangu," Bi Zamoyoni aliniambia asubuhi hiyo. Alitoa hati kwenye kikapu, akainyoosha juu ya goti. "Wakanipa hii. Wakasema nikimwona nimkumbushe kulipa."

"Pole, mama."

"Nikauliza, pale palipokuwa na kibao, sasa paitwe nini? Kijana akatazama karatasi yake, akasema, mama, andika tu kiwanja."

Aliikunja hati, akairudisha chini ya sare. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akikosea mshono.

Tume ilikaa humo humo ukumbini, chini ya mtambo, maana Jaji alisema haki lazima itendeke mahali pa tukio. Bi Zamoyoni aliitwa wa kwanza, kwa cheo cha mlezi wa mkopaji.

"Mara ya mwisho ulimwona lini mkopaji?" Jaji akauliza.

"Siku niliyomzika."

Karani wa Tume akaandika, akasoma kwa sauti alichoandika: "Siku alipohama."

"Mama," akasema Jaji, "Tume haina kifungu cha kuzika. Jibu swali. Yuko wapi?"

"Naomba nionyeshwe ile fomu."

Akaonyeshwa. Hakuisoma tena. Aliishika juu ili watu wote waione, na ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye marehemu wao katika orodha ile.

"Mwanangu alikuwa fundi umeme," akasema. "Alipokuwa na miaka kumi na tisa waya ulimuunguza, wakamkata dole gumba la mkono wa kulia. Aliishi miaka saba bila dole hilo. Alijifunza kushika bisibisi kwa vidole vinne. Halafu nguzo ikaanguka naye. Kabla hawajamfunga sanda nilimshika mkono huo huo, kwa hiyo najua." Akaiweka fomu mezani. "Nililijua hili tangu siku ya kwanza. Siku thelathini na nne nimekaa humu si kwa kumtafuta. Nangoja mtu mmoja wa ofisi hii aseme kwamba mwanangu amekufa. Akishasema, nitakwenda kushona."

Jaji alitazama saa yake. Karani alitazama kalamu yake. Na mtambo, kwa sauti yake ya muuguzi, ukasema, "Mteja Shaweji Mrisho, dirisha la tatu."

Nikasimama. Sikuwa nimeamua kusimama.

"Mwanao amekufa, mama," nikasema. "Hakuja hapa. Hakuvaa shati jeupe. Niliandika mimi, na dole ni langu. Wote niliowaandika wamekufa."

Bi Zamoyoni alinitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza aanzie usoni, si kwenye mshono wa shati.

"Ahsante, baba," akasema. Akachukua kikapu chake, akatoka, na nyuma yake ukumbi mzima ukaanza kulia, kilio kile kilichokuwa kimezuiwa tangu vibao vilipong'olewa.

*

Tume ilitoa uamuzi siku hiyo hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea nchini mwetu. Kwa mujibu wa sheria, mkopaji ni mtu ambaye dole lake liko kwenye fomu. Dole lililo kwenye fomu zote lilikuwa langu. Kwa hiyo wakopaji wote mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamepatikana, wakiwa hai, wakiwa mahali pamoja, na wamekiri. Mheshimiwa Waziri aliipongeza Tume. Nilihukumiwa mwaka mmoja kwa kila mkopaji. Jaji aliwahurumia waliokuwa wazee kati yetu, akawapunguzia.

Gerezani niliingizwa kwa majina yao. Jina langu halikuingia, maana Habili Sengo hakuwa na kesi. Hazina imemwandikia barua tatu za onyo kwa utoro kazini. Posho ya wafungwa mia tatu na kumi na wawili huja kila wiki kwa lori, na sahani inayonifikia ni moja, lakini hayo ni mambo ya stoo.

Kila asubuhi nyapara husimama uwanjani na daftari, akasoma. Kwa kila jina mimi huitikia, "Nipo." Siku za mwanzo niliitikia kama mtu anayefanya kazi. Baadaye yakaanza kuwapo majina ambayo nikichelewa kidogo kuyajibu, husikia ukimya wenye mtu ndani yake.

Jumapili ni siku ya wageni. Sheria ya lango ni kwamba mgeni hutaja jina la mfungwa anayemtaka, nalo litafutwe daftarini. Mzee Luhende alikuja Jumapili ya pili, akamtaja Perpetua, akapitishwa. Niliketi upande wangu wa wavu, yeye akaketi upande wake. Hakunitazama. Alimweleza mkewe habari za binti yao aliyejifungua, na za mbuzi waliokufa. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi tu. Mwisho nikasema, "Nakusikia." Akafuta macho, akaahidi kurudi.

Bi Zamoyoni alikuja siku hiyo pia. Aliyenisimulia ni Koplo Nzota, askari wa lango, mtu mzima asiye na ubaya.

"Nilimuuliza, mama, unamtaka nani? Akasema, Habili Sengo. Nikamwambia hayupo. Nikamnong'oneza, taja tu Shaweji Mrisho, utaingia, ni mtu huyo huyo. Akasema Shaweji amekufa. Nikamwambia najua, mama, lakini daftari halijui. Akasema, Habili Sengo. Basi akakaa mpaka muda ukaisha, akaondoka na chakula chake."

Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Nilimtuma Koplo amwambie kwamba namruhusu, alitaje tu jina hilo aingie, sitaona vibaya. Jibu lilirudi saa ile ile.

"Amesema alikaa siku thelathini na nne kulitoa jina la mwanawe kwenye daftari lenu. Halirudishi. Na amesema hili lako nalo haliachi."

Kesho yake, nyapara alipofika kwa Shaweji Mrisho, sikuitikia.

Akarudia. Nikatazama mbele. Akahesabu, akapata mia tatu na kumi na mmoja, akapuliza filimbi. Gereza lilifungwa. Walitafuta juu ya dari na ndani ya mapipa. Mimi nilipigwa, nikawekwa chumba cha giza siku tatu nikiulizwa mwenzangu amekimbilia wapi. Nilisema hajakimbia, amekufa. Siku ya nne Mkuu wa Gereza alikaa na karatasi mbili mbele yake. Mfungwa akitoroka, Mkuu hushushwa cheo. Mfungwa akifa, Mkuu huandika barua ya rambirambi. Akaandika ya rambirambi, akaigonga muhuri, pamoja na cheti cha kifo.

Bi Zamoyoni aliletewa cheti hicho nyumbani. Koplo Nzota anasema alikisoma akiwa amesimama, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi mbao kuagiza kibao. Halmashauri haikuweza kukikataa, kilikuwa na muhuri. Jumapili bado huja langoni, hutaja jina langu, huambiwa hayupo, na hukaa mpaka muda uishe.

Nimepanga kunyamaza kwa jina moja kila mwezi, ili Mkuu asishtuke. Ni miaka ishirini na mitano na miezi kumi na mmoja, na siku tatu za giza kila mara. Nilitaka wa pili awe Perpetua Luhende, na mzee alipokuja nikamweleza kwa sauti ya chini, kupitia wavu, kwamba mwezi huu mkewe atapata cheti chake, na kaburi lake litapata kibao.

Aliigeuza kofia yake magotini.

"Akishapewa hicho cheti," akauliza, "mimi langoni nitamtaja nani?"

Nikaushika wavu.

"Mwache kwanza," akasema. "Mwache mpaka mvua ziishe. Sijamwambia habari za paa."

Asubuhi iliyofuata uwanja ulikuwa na umande, na nyapara alisoma kwa haraka kwa sababu ya baridi. Alipofika kwa Anzuruni Kapela, nilinyamaza. Wakati wanakuja kunichukua, mmoja wao alimwambia nyapara amalizie kwanza orodha, ili idadi ijulikane. Akaendelea kusoma. Alipofika kwa Perpetua Luhende, nikaitikia, "Nipo."